Asiyekuwapo na Lake Lipo

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo iliwalenga walio hai. Ilimhimiza mtu afike barazani, ahudhurie shughuli, asikae kwake akangoja kuletewa fungu lake kwenye sinia. Haikukusudiwa iwe hati ya kuwapokonya waliolala makaburini. Walakini ndivyo inavyotumika siku hizi katika ulimwengu wa muziki, japo wanaoitumia hawaitamki. Mwanamuziki akishazikwa, hutokea watu wenye mitambo na nia njema, wakaifungua kazi aliyoimaliza kwa mkono wake, wakang'oa ngoma zilizopigwa wakatia nyingine, wakamfukuza mgeni aliyealikwa na mwenyewe marehemu, kisha wakairudisha sokoni chini ya jina lake. Wakiulizwa hujibu: kazi ile haikupendwa, sasa itapendwa.

Jibu hilo lina utamu, na ndiyo maana linahitaji kupingwa. Linamfanya marehemu aonekane mdeni na wasahihishaji waonekane wakombozi. Aidha linaacha nje mtu mmoja ambaye haki yake haitajwi kabisa katika mabishano haya, naye ni msikilizaji aliyeipokea kazi ile siku ilipotoka, akaishi nayo na kasoro zake.

Mfano ulio wazi kuliko yote umetoka Uingereza. Mwimbaji David Bowie alitoa mwaka 1987 albamu iitwayo Never Let Me Down. Ilipata wanunuzi, lakini wahakiki wengi hawakuisifu, na hata wapenzi wake wengi waliihesabu miongoni mwa kazi zake dhaifu. Mwenyewe alikuja kuikosoa hadharani. Mwaka 2008 alitoa wimbo mmoja wa albamu hiyo, Time Will Crawl, ukiwa umechanganywa upya na fundi Mario McNulty na kutiwa ngoma mpya na fidla, na akadokeza kwamba angetamani nyimbo zilizobaki nazo zifanyiwe hivyo. Alifariki tarehe 10 Januari 2016 bila ya kuifanya kazi hiyo. Mwaka 2018 ikafanywa. McNulty alisimamia, Reeves Gabrels na David Torn wakapiga magitaa, Tim Lefebvre akapiga besi, Sterling Campbell akapiga ngoma, na Nico Muhly akapanga fidla. Katika wimbo mmoja, sehemu iliyosemwa na mwigizaji Mickey Rourke iliondolewa, na mahali pake pakawekwa sauti ya Laurie Anderson.

Wapenzi wakagawanyika. Wako waliosema kwamba kwa mara ya kwanza wameisikia sauti ya Bowie katika nyimbo zile, maana zamani ilikuwa imefunikwa na kelele za mitindo ya miaka ya 1980. Wako waliosema kwamba wanachokisikia ni kazi ya watu wazuri waliokaa chumbani wakakisia marehemu angependa nini. Pande zote mbili zilikuwa na wasikilizaji makini, na hoja zao zinastahili kupimwa moja moja, kwa sababu ndizo zitakazoletwa Afrika Mashariki siku mitambo itakapofunguliwa juu ya tepu za hapa.

Hoja ya kwanza ni kwamba mwenyewe alitaka. Kwa wasomaji wa pwani hoja hii haipaswi kuwa ngeni, kwa kuwa wanaujua wasia. Wasia una mashahidi. Wasia una mpaka, hauvuki theluthi ya mali. Wasia husomwa kama ulivyoandikwa, na wanaoutekeleza hawaruhusiwi kuongeza vifungu kwa hisani. Neno alilolidondosha mtu katika kuzungumza juu ya kazi yake ya zamani haliwezi kupewa nguvu kuliko wasia. Zaidi ya hapo, kutaka ni jambo moja na kufanya ni jambo jingine. Msanii aliye hai akiamua kuirudia kazi yake, husikiliza, hukasirika, hurudi nyuma, huacha nusu ya alichokipanga, na pengine siku ya mwisho akasema basi, ibaki kama ilivyokuwa. Haki hiyo ya kughairi ndiyo roho ya utunzi. Bowie mwenyewe aliitumia alipokuwa hai. Albamu ile ilipotolewa tena mwaka 1995, aliuondoa wimbo mmoja uitwao Too Dizzy, na haukurudishwa tena. Alikuwa mwenye mali, alikata, na hakuna wa kumlaumu. Waliokata mwaka 2018 walimkata Rourke, mtu ambaye Bowie alimwita na hakupata kumfukuza.

Hali ni nyingine kabisa pale mwenyewe anapokuwa yu hai. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa wimbo Salome, ulioshika uzi wa Maria Salome wa Saida Karoli, mwimbaji wa Kagera aliyetikisa nchi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliopenda walipenda, waliochukia walichukia, lakini Saida alikuwapo. Angeweza kusema ndiyo, angeweza kusema la, angeweza kupanda jukwaani na kuuimba wa kwake ili watu wapime. Marehemu hana jukwaa hilo. Kila anayezungumza kwa niaba yake huzungumza akiwa na hakika kwamba hatakanushwa.

Hoja ya pili ndiyo nzito zaidi: kazi haikupendwa, kwa hiyo hakuna anayedhulumiwa ikibadilishwa. Ili hoja hii ijibiwe inabidi kuondoka London, kuziacha pia studio za Dar es Salaam na baraza za Unguja, na kwenda mahali ambapo muziki hufika ukiwa umeshachoka safari.

Mpanda ni mji wa mwisho wa reli. Tawi linaachana na reli ya Kigoma pale Kaliua, likakata miombo kuelekea kusini hadi Mpanda, likaishia hapo. Lilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na machimbo yalipofifia reli ilibaki ikibeba watu na mazao. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Tangu mwaka 2012 mji huo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa. Wakazi wa huko ni Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, na pamoja nao Wasukuma walioshuka na mifugo, na watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo, pamoja na watoto na wajukuu wao. Watu wenye asili mbalimbali namna hii hawana kumbukumbu nyingi za pamoja. Wimbo wa Kiswahili uliotoka redioni ni mojawapo ya hizo chache.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, nayo ni ya serikali, na mawimbi yake yalisafiri hadi huko yakipanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Kwa msikilizaji wa mwisho wa reli, mwanamuziki hakuwa mtu wa kumwona. Hakumjua kwa sura wala kwa ukumbi aliopigia. Alimjua kwa sauti iliyotoka ndani ya kisanduku, pamoja na mkwaruzo wake, na gitaa lililozidi kidogo, na kiitikio kilichochelewa nusu pigo. Kwake kasoro hizo hazikuwa vumbi juu ya picha ya mtu. Zilikuwa uso wenyewe wa mtu. Na kwa kuwa si kila sahani ilifika katika duka la mji wa mbali, mtu alipenda ile iliyomfikia. Huenda ikawa ndiyo ile ambayo wajuzi wa mjini waliitupa. Mapenzi ya mtu kama huyo hayaingii katika hesabu yoyote ya mauzo, lakini nani mwenye mizani ya kusema kwamba hayapo? Kazi isiyopendwa na wengi ilipendwa na wachache, na wachache hao ndio wanaonyang'anywa pale wengi wanapofurahishwa.

Katavi ina fundisho jingine kwa wenye haraka ya kusahihisha. Ukingoni mwa Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974, upo mkwaju ambao wenyeji husema ndani yake inakaa roho ya Katabi, mwindaji wa visa vya kale ambaye jina la hifadhi na la mkoa limetokana naye. Watu huacha sadaka chini ya mti huo wakiomba baraka. Msomaji wa pwani si lazima akubaliane na itikadi hiyo, na dini yake huenda ikamkataza. Lakini adabu iliyomo ndani yake anaweza kuitambua. Aliyetangulia huendewa. Mtu hufika mikono ikiwa na kitu, akanyenyekea, akaomba. Haji na panga ili aupunguze mkwaju matawi kwa sababu umepinda. Kwa watu wa huko, asiyekuwapo na lake lipo, na mahali pake panajulikana.

Suala hili si la kufikirika kwa muziki wa dansi wa Tanzania. Sehemu kubwa ya muziki huo wa miaka ya 1960 hadi 1980 ilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Aghalabu bendi nzima ilikaa chumba kimoja ikapiga kwa pamoja, utepe ukazunguka, na kilichotoka ndicho kilichobaki. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatulia sahani, kwa hiyo kazi zilipelekwa Nairobi, au wanamuziki walikwenda huko wenyewe. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba rekodi za namna hiyo haziwezi kuguswa, maana sauti zote zimeshikana kama mchele uliokwisha kuwa wali. Sasa kompyuta zinaweza kuzitenganisha: mwimbaji huku, gitaa kule, ngoma kando. Mwaka 2023 sauti ya John Lennon, aliyeuawa mwaka 1980, ilitolewa katika kaseti ya nyumbani iliyofunikwa na mlio wa piano, ukapatikana wimbo Now and Then. Kazi ile ilikuwa na udhuru wake. Lennon hakuwa ameikamilisha, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wenzake wa bendi ileile, Paul McCartney na Ringo Starr. Ila ufundi uliotumika hauulizi kama kazi imekamilika au haijakamilika. Utafanya kazi vilevile juu ya utepe wa Morogoro Jazz.

Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa kiongozi wa Super Volcano. Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ya Nairobi ilitoa mfululizo wa sahani zilizokusanya nyimbo zake. Mfululizo huo uliitwa Ukumbusho. Jina hilo lilichaguliwa vyema kuliko pengine hata waliolichagua walivyofahamu. Juu ya jalada hawakuandika Usahihisho. Walikusanya, wakapanga, wakauza, na bila shaka wakapata faida yao, lakini kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1979 akazikuta nyimbo kama alivyozikuta baba yake. Leo hii, wanapotokea watu wakadai kwamba vijana hawawezi kumsikiliza Mbaraka mpaka awekewe ngoma za kompyuta chini yake, inafaa wakumbushwe kwamba vijana wa miaka ya 1980 na 1990 walimsikiliza bila ya msaada huo.

Na ichukuliwe hali iliyo ngumu zaidi, ya Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akavuma na Super Matimila hadi nyimbo zake zikatolewa Uingereza katika albamu Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 na Mambo ya mwaka 1992. Miaka ya mwisho ya uhai wake aliacha dansi akaimba Injili, na alifariki Desemba 2010 akiwa katika njia hiyo. Tuseme sasa atokee mtayarishaji mwenye mapenzi ya kweli na Remmy wa kumbini. Achukue nyimbo za Injili, azitenge na vinanda vyake, azitie magitaa ya kuchezesha kama ya Super Matimila, na kudai kwamba hivyo ndivyo Remmy anavyopendwa. Masikioni mwa wengi huenda ikawa tamu. Lakini mtu huyo atakuwa amefanya nini? Atakuwa ameubatilisha uamuzi wa mwisho wa maisha ya mwenzake. Atakuwa amemrudisha kwa nguvu ukumbini mtu aliyetoka kwa hiari yake.

Hapo ndipo hoja ya kutopendwa inapovunjika. Kazi isiyopendwa mara nyingi ndiyo ile ambayo msanii alikwenda njia ambayo wapenzi wake hawakutaka kumfuata. Huenda alikosea. Huenda alichoka, au alifuata mtindo, au alilipa deni. Lakini huenda pia alimaanisha kila neno. Kipimo cha kupendwa hakiwezi kuzitenganisha hali hizo. Anayeisahihisha albamu isiyopendwa hajui kama anaondoa ulegevu au anaondoa ukweli, na mwenye kujua hayupo wa kumuuliza.

Watetezi wa marekebisho wana hoja ya tatu, nayo ni kwamba utamaduni wowote huishi kwa kurudiwa, na anayekataza kurudia anataka muziki uwe maiti iliyohifadhiwa. Hoja hii ni ya kweli, na hakuna watu wanaoijua vyema kuliko wapenzi wa ushairi wa Kiswahili. Ila ukweli wake unawageukia walioileta. Ushairi wa Kiswahili una njia yake ya kuifanyia kazi tungo ya marehemu, na njia hiyo inaitwa takhmisi.

Mwenye kutakhamisi huchukua tungo ya aliyemtangulia, akaiwekea mishororo mitatu yake juu ya miwili ya asili, ikatimia mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule wa Al-Inkishafi, ilifanywa hivyo juu ya beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Kazi hiyo inatazamika vizuri katika nuru ya mabishano haya. Mshairi wa pili hakuona haya kuongeza. Aliongeza mara moja na nusu ya kile alichokikuta. Lakini mishororo ya kwanza hakuifuta, wala hakuirekebisha vina ili imkae vizuri mkononi. Yeye ndiye aliyejikunja. Alitafuta kina cha mtangulizi wake, akakifuata, akabeba mzigo wa kufanya maneno yake yaelekee kwenye maneno ya mwenziwe na kuishia hapo. Msomaji akitaka kuyaondoa maongezo hayo na kubaki na Liyongo peke yake, anaweza. Kila mtu amesimama na chake, na wote wawili wamo ubetini.

Muziki wa visiwani umeshika adabu hiyohiyo kwa namna yake. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi, na sahani zile zilikuwa za kwanza kuipeleka sauti yake mbali na Unguja. Alifariki mwaka 1950. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliziimba nyimbo za Siti kwa miongo kadhaa kwa sauti yake ya kukwaruza, akakata alipotaka kukata na kuvuta alipotaka kuvuta. Hakuna aliyemsikia akadhani anamsikia Siti, na hakuna sahani ya Siti iliyoguswa kwa ajili hiyo. Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, nacho kimezipiga nyimbo za marehemu wake kizazi baada ya kizazi. Kuimba upya ni kuingia uwanjani kwa miguu yako, ukapigiwa makofi au ukazomewa wewe. Kuugeuza utepe wa marehemu ni kumsukuma yeye uwanjani akiwa amevaa nguo ulizomchagulia, na akizomewa wewe umo nyuma ya pazia.

Wanaodhani kwamba tofauti hii ni ya watu wenye kupenda ugomvi, na wakitazame kisa cha mshairi Emily Dickinson wa Marekani. Alifariki mwaka 1886 akiacha mashairi yapatayo 1,800, machache mno yakiwa yamechapishwa. Mwaka 1890 Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson waliyatoa kitabuni kwa mara ya kwanza. Walimpenda, na bila wao pengine asingejulikana. Lakini waliyaona mashairi yake kuwa yana kombo, wakanyoosha vina, wakabadili alama za kituo, wakabadili maneno, wakayapa majina ambayo hakuyatoa. Yakapendwa sana. Ilipofika mwaka 1955, miaka 65 baadaye, ndipo Thomas H. Johnson alipoyatoa karibu na alivyoyaandika mwenyewe, na ikaonekana kwamba kombo zile ndizo zilizokuwa ushairi wake. Vizazi vizima vilimsoma Dickinson aliyepigwa randa. Ilikuwapo bahati moja tu: karatasi zake hazikuchomwa.

Bahati hiyo ndiyo inayojibu hoja ya nne, isemayo kwamba ya zamani bado ipo, atakayeitaka ataichukua. Katika hili watengenezaji wa mwaka 2018 walitenda jambo la haki, kwa kuwa albamu ya 1987 iliwekwa ndani ya mkusanyo uleule uliobeba ile mpya, na ile mpya ikaandikwa mwaka wake. Wapewe sifa hiyo. Lakini si wote watakaokuwa waungwana kiasi hicho, na muziki wa siku hizi haukai tena kwenye kabati la mtu. Mwaka 2010 ilitolewa albamu iitwayo Michael, ya Michael Jackson aliyefariki mwaka 2009, na baadhi ya wapenzi wakadai kwamba katika nyimbo tatu sauti haikuwa yake. Mwaka 2022 nyimbo hizo tatu ziliondolewa katika huduma za kusikilizia muziki kwenye mtandao. Iwe ziliondolewa kwa haki au kwa hofu, jambo lililoonekana ni wepesi wake. Jana zipo, leo hazipo, na msikilizaji hakuulizwa. Kinachoweza kuondolewa namna hiyo kinaweza pia kubadilishwa namna hiyo, jina likabaki na ndani kukawa na kingine. Siku hiyo ikifika, mwenye sahani yake ya zamani huko Mpanda, au mwenye kaseti iliyonaswa kutoka redioni, atakuwa na kitu ambacho hakipo popote kwingine.

Sheria haiko kimya. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, unamtambulia mtunzi haki ya kupinga upotoshaji unaoivunjia heshima kazi yake, na haki hiyo haizikwi pamoja naye. Lakini sheria huhitaji mlalamikaji. Warithi wa wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki wamebaki na jina kubwa na mfuko mtupu, na mtu mwenye mfuko mtupu akiletewa mkataba husaini. Si haki kuwalaumu. Wa kulaumiwa ni anayekwenda kwao na karatasi akijua hali yao, kisha akatoka na kusema familia imeridhia.

Kwa hiyo yapo masharti matatu, na yote yametoka katika takhmisi. La kwanza, kazi ya asili ibaki ilivyo na ipatikane kwa urahisi uleule inavyopatikana ile mpya. La pili, aliyeongeza aandike jina lake juu ya jalada, kwa herufi zinazosomeka, ili lawama na sifa zijue pa kwenda. La tatu, aongeze bila kung'oa. Alichokiweka marehemu kisiondolewe, na mgeni aliyemwalika asitolewe nje na mtu ambaye hakuwa mwenyeji. Anayeona masharti haya ni mazito na atunge wimbo wake. Hakuna aliyemzuia.

Wapenzi wa muziki wataendelea kubishana kama albamu fulani ilikuwa nzuri au mbaya, na ubishi huo ni heri, maana wafu wanaobishaniwa hawajasahauliwa. Lakini ili ubishi uwepo, lazima kiwepo cha kubishania. Albamu mbaya ya mwanamuziki mkubwa ni mali yake kama ilivyo nzuri, na ni ushahidi kwamba alijaribu, siku fulani, kwa pumzi aliyokuwa nayo siku hiyo. Msikilizaji wa mwisho wa reli aliupokea ushahidi huo bila kulalamika. Aliyekaa karibu na mitambo hana haki ya kuubadilisha kwa niaba yake.